Antena ya Fundi Sufuria

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Barua hii usimsomee mtu. Usimsomee hata Bibi. Najua hasikii, lakini wewe ukisoma husoma kwa sauti ya kunadi sufuria, na kati yako na jirani kuna bati tu. Neno lolote lililomo humu likitoka nje, mimi sina kazi. Ukishanakili vipimo, ichome moto. Nakuomba kwa mikono miwili.

Sasa shikamoo. Mimi ni mzima, ila sipati usingizi kila usiku wa kuamkia Jumatatu, siku ambayo Mkuu wetu hukagua madawati. Chumba nilichopanga kinavuja upande wa dirisha, kwa hiyo kitanda nimekisogeza mlangoni, na sasa mgeni akiingia lazima akipande. Bibi anaendeleaje na miguu? Mwonyeshe kwa ishara kwamba soksi alizonifumia nimezivaa.

Uliloniomba nimelifanya. Ofisi yetu, kama ujuavyo, ndiyo inayosimamia minara ya televisheni. Mhandisi wetu ana kompyuta yenye programu ya kujaribia antena. Saa ya chakula yeye hutoka kutembea, na ameniruhusu kuitumia, Mkuu hajui. Humo ndani huhitaji nyundo. Unaiandikia mashine kila fito inaanzia wapi, inaishia wapi na ina unene gani, nayo inakuchorea antena ya nyuzi, kama mifupa ya samaki. Kisha inakuonyesha jinsi itakavyosikia. Antena yako, vilevile ulivyoichora kwenye mfuko wa sukari, ilitoa umbo la biringani: limenenepa mbele, kuelekea mnara wa kilimani, na nyuma lina mkia. Nilistaajabu, Shangazi. Hukusomea haya popote. Ila mkia ulikuwa mnene mno, maana yake antena inasikiliza na umbea wa nyuma. Nikairefusha kidogo fito ya nyuma, nikaisogeza ya kwanza ya mbele karibu na ile uliyoikunja kama kibanio cha nywele, mkia ukasinyaa.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Jambo moja nakusihi: fito zishikwe na ubao mkavu, zisipenyezwe kwenye bomba la chuma. Mashine niliiambia ni ubao. Ukiweka chuma, urefu wote niliokupa hautafaa.

Ichome, Shangazi.

Mwana wa kaka yako

14 Machi

Kunguru wangu,

Marahaba. Sikuichoma. Nimeiweka chini ya godoro la Bibi, na kitu akishakilalia Bibi hata serikali haikitoi.

Miguu yake imevimba. Mdomo haujavimba hata kidogo. Soksi ameziona kwa ishara, akadhani nasema nimeumwa na mbwa.

Antena niliimaliza siku nyingi. Ubao nimeutoa kwenye kitanda cha marehemu baba yako, mkavu kama roho ya mwenye nyumba wako. Fito nimezikata kwenye mabomba ya mapazia. Nilipoipandisha, picha ikaja safi hadi nikaona kovu la msomaji wa habari, ambalo wenzake wote wamelificha kwa adabu. Bibi, ambaye macho sasa yanafanya na kazi ya masikio, akahamia mbele ya kioo asubuhi hadi jioni, kazi yake ni kumkaripia yule bwana afunge kifungo. Wiki hiyohiyo yule mama fundi cherehani wa ng'ambo ya njia akataka ya kwake. Halafu kinyozi. Halafu kila mtu. Nikaacha kuziba sufuria. Mtaa ukawa unaniita Fundi, Fundi peke yake, bila sufuria kuburutwa nyuma yake. Nimelingoja hilo tangu wewe unatambaa.

Sasa nisikilize vizuri. Jumatatu iliyopita picha zimekatika. Si kwangu tu. Mapaa yote niliyopanda, chenga tupu. Nimeigeuza yangu kaskazini, kusini, macheo, machweo. Nimeinua, nimeshusha. Chenga. Keshokutwa yake likapita gari la ofisi yenu na kipaza sauti: "Antena za kienyeji hazikidhi viwango! Pateni antena iliyoidhinishwa!" Na hizo zilizoidhinishwa zimepangwa humohumo garini: kopo jeupe la plastiki, refu kama mkate, limezibwa kote usione utumbo. Kinyozi kachukua moja. Inaonyesha! Inaonyesha vizuri, na mimi nimesimama chini ya paa lake natazama kama mbuzi.

Fundi cherehani akatoka hadi katikati ya njia. "Mwacheni," akasema, "alizoea kuziba matundu, sasa anayauza." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Basi nijibu bila kuzunguka. Vipimo ulivyonipa ni vya kweli, au ulikosea ukaogopa kusema?

Shangazi yako

29 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama. Huku mvua zimeanza, na mwenye nyumba ameniletea beseni badala ya bati. Nimepokea habari za miguu ya Bibi kwa masikitiko. Jaribuni kumwinulia kwa mto anapokaa.

Kuhusu ile shughuli yetu. Hesabu niliirudia yote, fito moja moja, na sikuona kosa. Nakushauri uangalie viungo visiwe na kutu. Angalia pia kama waya haujaingia maji, na kama kile kitanzi cha waya nilichokuchorea kimefungwa vizuri pale kwenye kibanio. Mara nyingi tatizo huwa ni dogo.

Mhandisi amehamishwa. Aliambiwa asubuhi, mchana dawati lilikuwa jeupe. Kompyuta yake imefungiwa kabatini, kwa hiyo kujaribu zaidi haiwezekani.

Mimi sasa nimepewa kazi ya kujibu malalamiko. Watu wa bondeni kwenu wanaandika kwa wingi. Mkuu ametupa jibu moja, sisi tunabadilisha anwani tu. Sina uhuru wa kulijadili.

Shangazi, usikasirike. Nadhani, kwa muda, ingekuwa busara urudie sufuria hadi mambo yatulie. Na tafadhali usiandike neno "vipimo" juu ya bahasha.

Mwana wa kaka yako

6 Aprili

Kunguru,

Nirudie sufuria?

Umelisema hilo kwa mkono uleule niliokushikia penseli ukiwa huna hata meno ya mbele? Baba yako alipokufa nani alikuvusha barabara kwenda shule? Sufuria ndizo zilizokuvusha. Sizitukani sufuria. Lakini wewe huna ruhusa ya kunirudisha kwao kama mtoto anayerudishwa jikoni wageni wakifika.

Kutu hakuna. Maji hakuna. Kitanzi kimekaa kama ulivyokichora. Usinifundishe kufunga waya.

Nikueleze lililonipata Alhamisi, uone nilivyo mahali pabaya. Mchana ulivuma upepo wa kuezua. Antena ya fundi cherehani, iliyo juu ya mlingoti wa mti, ikalegea kwenye kishikio, ubao ukajiviringisha papo hapo ulipo, fito zote zikawa ncha moja mbinguni na nyingine ardhini, kama samaki aliyegeuzwa ubavu. Mara nasikia vigelegele. "Imerudi! Picha imerudi!" Nikakimbia kuangalia. Kweli imerudi, safi, hata kwangu haikuwahi kuwa hivyo.

Lakini mimi nikatazama juu. Kazi yangu, Kunguru, inaning'inia upogo, mtaa mzima unaiona! Nikachukua ngazi na pima maji. Nikailaza sawasawa, povu la pima maji likatulia katikati, nikakaza skrubu hadi zikalia. Chini wakapiga yowe. Picha imetoweka.

"Umeiua makusudi!" Fundi cherehani ameishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Umeona inafanya kazi bila wewe, ukaona wivu!"

"Kazi gani ya fundi inakaa upogo?" nikamwuliza.

"Aliye juu mngoje chini," akawaambia wenzake. Nao wakangoja. Nilishuka katikati ya watu ambao mwezi uliopita walikuwa wananiletea viti.

Hukuniuliza kwa nini sikuigeuza tena. Nakujibu hata hivyo: sikufundishwa kuacha kitu upogo. Picha ile ilikuwa bahati ya upepo, mawingu yalifunguka, basi.

Jana afisa kaja na tangazo, kalibandika mlangoni kwangu kwa gundi inayonuka. Mwisho wa mwezi huu antena zote za kienyeji zishushwe. Karakana yangu itafungwa, vyombo vichukuliwe: koleo, misumeno, hata nyundo za sufuria. Nami nisimame njiani itangazwe kwamba nimewadanganya watu. Sasa niambie, wewe mwenye busara: wakichukua nyundo, hizo sufuria nitazirudia kwa meno?

Bibi bado anakaa mbele ya kioo. Anadhani ni theluji ya nchi fulani na anauliza itakwisha lini.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakuwa wajinga. Kama unajua kitu na umekikalia, kiseme.

Shangazi yako

20 Aprili

Umekufa?

Kama hujafa, jibu. Kama umekufa, mwambie baba yako huko uliko kwamba ubao wa kitanda chake unakwenda kuchomwa na maofisa, na mwanawe ni karani wao.

27 Aprili

Shangazi,

Sikufa. Barua yako ya upepo niliisoma nimesimama ngazini ofisini, na nilipofika pale uliposhika pima maji nilikaa chini. Nilijua palepale. Kusema kweli nilijua tangu Machi, ila nilijifanya sijui. Yako ndiyo iliyoniondolea mahali pa kujificha.

Hukukosea popote. Vipimo havina kosa. Aliyegeuka ni mnara.

Mawimbi ya televisheni hutoka mnarani yakiwa yamelala au yamesimama. Ya kilimani yalikuwa yamelala, ndiyo maana tangu zamani kila mtu huzilaza fito. Jumapili ile, kabla ya Jumatatu yako, watu wetu walipanda kilimani wakaugeuza mtambo, mawimbi yakasimama. Antena iliyolala haiyasikii yaliyosimama, au inayasikia kama mtu anayeitwa kutoka kisimani. Lile kopo jeupe halina maajabu yoyote. Ndani yake kuna fito kama zako, tena chache, ila zimesimamishwa. Limezibwa ili watu wa aina yako wasione.

Siku moja kabla Mhandisi hajaondolewa nilikuwa nimebeba majalada koridoni, na mlango wa Mkuu ulikuwa haujafungika. Mhandisi alikuwa anapaza sauti, mtu ambaye hata kupiga chafya huomba radhi. "Umewageuzia watu mawimbi bila kuwaambia!" Mkuu akacheka. "Mwenye antena yetu hajageuziwa kitu." Alisema "yetu." Kampuni inayoleta yale makopo ni ya shemeji yake. Mimi nilipita na majalada yangu. Saa ya chakula nikakaa kwenye ile kompyuta kwa mara ya mwisho, nikailetea antena yako wimbi lililosimama. Karibu sifuri. Nikaigeuza antena, biringani likarudi zima.

Kisha nikarudi dawatini nikawaandikia majirani zako kwamba antena zao hazikidhi viwango. Bila shaka fundi cherehani anayo barua niliyoitia muhuri kwa mkono wangu.

Umeniita kunguru tangu utoto kwa sababu kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mimi sikukimbiza ubawa wowote, Shangazi. Nimekaa na sentensi moja tumboni na imeniozea humo. Namchukia Mkuu kwa kiasi ambacho sikudhani mtu mwoga anakiweza. Jana alinipigapiga begani akaniambia mimi ni kijana mtulivu. Nilinawa bega.

Basi sentensi yenyewe ni hii: legeza kishikio, zungusha ubao robo tu, fito zisimame, kaza.

Ila usiifanye kwanza kwako. Mlingoti wako ni bomba la chuma, na fito zikisimama zitakuwa sambamba nalo, litaziingilia. Wa fundi cherehani ni mti. Ndiyo maana kwake ilikubali siku ya upepo. Anzia kwake, hata kama itakuuma.

Wakikuuliza nani kakwambia, sema upepo. Hutakuwa umedanganya, upepo ndio ulioanza. Mimi usinitaje popote. Nina chumba, nina kazi, nina hofu, sina kingine.

Posta itachelewa. Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji anayepita kwenu. Msalimie Bibi. Mwambie theluji inakwisha.

Mwana wa kaka yako

4 Mei

Kwa karani,

Bibi anakusalimu. Miguu imepungua.

Dereva wa saruji alifika siku yenyewe ya kushusha antena, asubuhi, maofisa wakiwa wameshafika. Nimeisoma barua yako nyuma ya mlango wa choo huku afisa akihesabu nyundo zangu uani. Nilipomaliza sikujua nikimbilie paa au nije huko nikuchape.

Nikatoka. Nikamwambia afisa, "Bwana, kabla hujanitangaza, nipe muda wa kupanda paa moja."

"Paa la nani?"

"La huyo anayenitukana."

Fundi cherehani akazuia mlango kwa mwili wake wote, na mwili anao. "Kwangu hupandi tena! Ulishaua mara moja!"

"Nikiua tena," nikamwambia, "chukua vyombo vyangu wewe, usiiachie serikali."

Akasogea. Tamaa ilimsogeza. Nikapanda. Nikalegeza kishikio, na wallahi mikono ilikataa. Maisha yangu yote nimelaza. Nikafumba macho nikazungusha, nikaiacha imesimama kama mwendawazimu aliyeinua mikono. Nikakaza. Halafu nikasikia sauti ya tangazo la sabuni ikitoka dirishani, na fundi cherehani akasema polepole, "Mungu wangu."

Mtaa ulilipuka. Watu walipanda mapaa yao wenyewe na bisbisi na visu. Kinyozi akalishusha kopo lake akalipasua kwa shoka mbele ya afisa, na ndani mkawa na fito tatu, nyembamba, zimesimama. Wanne wakamzuia asimpige dereva wa gari la makopo. Mimi nilitaka wamwache.

Afisa akanifuata chini ya ngazi. "Nani kakufundisha kugeuza hivyo?"

Nikasema upepo. Wakacheka. Fundi cherehani akasema, "Kumbe fundi wetu ni upepo! Basi tumpelekee upepo shukrani!"

Mengine hayana haja ya kuandikwa.

Vyombo vimebaki. Karakana iko wazi. Tangazo nimelibandua pamoja na rangi ya mlango. Bibi ameona kifungo cha yule bwana kimefungwa hatimaye, na anadai ni yeye aliyemshinda.

Sasa langu na wewe. Usidhani nitakuandikia asante. Tangu Machi hadi mwisho wa Aprili nimepita njiani nikitemewa mate, nawe umeketi huko na sentensi fupi kuliko salamu zako. Uliniandikia kutu! Uliniandikia maji kwenye waya! Ulikaa ukafikiri, ukachagua maneno ya kunipotezea muda, kisha ukaniambia nirudie sufuria. Mkuu wako ni mwizi, sawa, mwizi hana udugu nami. Wewe nilikubeba mgongoni.

Nilikuwa na hasira siku ile. Ujue hivyo. Mtu mwenye hasira husema vitu.

Shangazi yako

25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wote wazima.

"Mtu mwenye hasira husema vitu." Vitu gani? Uliviruka. Nitakuandikia mimi, kwa sababu nilisomewa.

Mkuu aliniita Jumatano. Hakuwa na ukali. Alikuwa na karatasi ya afisa wa kwenu, na aliisoma akitabasamu, kwa sauti anayoitumia kwenye sherehe za kuagana. "Mwanamke husika alisema kwanza kwamba alifundishwa na upepo. Baada ya kuchekwa, alisema kwa sauti kubwa: Upepo wa nini! Mtoto wa kaka yangu yumo ndani ya ofisi yao hiyohiyo, ana mashine, ana elimu, na ndiye aliyenipigia hesabu! Ukoo wetu haufundishwi na upepo!"

Akaniuliza, "Ni Shangazi yako huyu?"

Shangazi, nilikupa upepo. Nilikupa njia safi, isiyo na uongo, na ungeweza kupita humo na heshima yako na mimi na chakula changu. Ukashindwa kwa sababu watu walicheka. Wewe uliyekaa chini ya matusi tangu Machi, kicheko kimoja cha mwanamke wa cherehani ndicho kilichokushinda! Hukuweza kuvumilia waseme upepo ni fundi kuliko wewe, ukaona bora ukoo. Ukoo ni nani? Ni mimi. Ukanitoa kama mtu anavyotoa kitambulisho.

Sijawahi kukuandikia hivi. Nimechana mbili za kwanza kwa sababu zilikuwa na adabu.

Ni kweli nilinyamaza, na lile la sufuria sikustahili kuliandika. Huna haja ya kunisamehe. Lakini mimi niliogopa. Wewe huogopi kitu, kwa hiyo sijui utajitetea kwa nini.

Mkuu alipouliza kama wewe ni shangazi yangu, nilisema ndiyo. Ningeweza kukukana, majina yetu hayafanani. Nilisema ndiyo, kisha nikasikia mdomo wangu ukiendelea. Nikamwambia mnara uligeuzwa Jumapili gani, nani alipanda, kampuni ni ya nani. Mlango ulikuwa wazi na makarani wote walikuwa wameacha kupiga chapa. Akaniamuru nitoke. Nikatoka nikiwa nimeshika muhuri wa malalamiko. Niligundua nikiwa barabarani, nikautupa kwenye mtaro. Siwezi kukuambia nilijisikia vizuri.

Kazi imekwisha. Chumba kimekwisha, kwa kuwa mwenye nyumba ana mpwa ofisini. Siji huko. Usimtume mtu kunichukua, na usimwambie Bibi chochote isipokuwa kwamba soksi bado ninazo.

Mnara wenu haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kuna mwingine, ng'ambo ya milima, waliougeuza wiki iliyopita, na gari la makopo limeshapita huko. Nipo huko sasa. Nina bisbisi, kamba na ngazi ya kuazima. Ninapanda paa moja baada ya jingine, ninazisimamisha fito, nashuka. Wanaoniuliza nani kanifundisha nawaambia.

Ukitaka kunipata, usiandike ofisini. Barua zangu wanazifungua. Dereva wa saruji hufika huku kila Ijumaa, na bahasha isiyo na jina atanifikishia. Ukija mwenyewe, njoo na basi la mchana, ushuke mbele ya ghala la mbolea, usiulize mtu. Tazama mapaa. Pale antena zilipolala bado sijafika. Fuata barabara hadi uone zimesimama, kisha usikilize nyundo.

Lete koleo lako kubwa, la kwangu halishiki. Ukinikuta juu usiniite. Nikishtuliwa nikiwa paani naweza kuanguka. Yale tuliyo nayo tutayasema nikishuka, na ni mengi. Wewe njoo chini ya paa, shika ngazi, unyamaze.